Damu Nyeusi ya Masasi, Damu Nyekundu ya Newala

Kwa karibu miaka miwili niliwahubiria watu wa Masasi kwamba lile gemu la maiti wanaotembea lilitengenezwa bila rangi, makusudi kabisa, na watu wenye akili zao. Niliyasema hayo kwa mdomo mpana, cheti cha kidato cha nne kikiwa sandukuni. Mtu akiniuliza mbona TV hiyohiyo, tukiweka mkanda wa harusi ya dada, inaonyesha bibi harusi kavaa pinki, nilimjibu kwamba harusi ni harusi na hofu ni hofu, na hofu haina pinki.

Ukweli niliujua baadaye, nao ni mfupi kiasi cha kuaibisha. Mashine yangu ya gemu ilitoa picha kwa mfumo wa Japani, TV ya baba ilielewa mfumo mwingine, na rangi zikapotelea njiani kati ya hao wawili. Fundi redio yeyote wa pale sokoni angenieleza kabla chai yake haijapoa. Sikumuuliza fundi, kwa sababu mtu haulizi tatizo ambalo amekwisha kulifanya fahari.

Ilikuwa miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na vitu vikaingia kabla ya maelezo yake. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na magari yao, baba akauza, na badala ya kurudi na mabati aliyoagizwa na mama akarudi na TV. Mama hakumsemesha siku mbili. Mashine ya gemu aliileta mjomba, dereva wa lori, imeviringishwa ndani ya suruali ya mtumba, na gemu lenyewe lilikuwa kwenye CD mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Mashine ilikuwa mzee tayari. Isipogeuzwa miguu juu haikusoma CD, kwa hiyo siku zote ilicheza chali kama mende.

Gemu lenyewe lilinifaa mno. Nesi amefungiwa ndani ya hospitali iliyoachwa porini, risasi zake zinahesabika kwa vidole, na kazi yake ni kutafuta funguo, kusukuma makabati na kutosogelea kitu chochote kinachovuta mguu. Mimi ni mtu wa ndani tangu utoto. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba wenzake wanafuga mbuzi, yeye mwanawe anafuga kiti. Kwa hiyo jioni umeme ukija nilikaa, nikafunga mlango, nikaogopa kwa raha zangu.

Mwisho wa korido ya chini palikuwa na mlango wa chumba cha maiti, na juu yake taa sita. Ilibidi uziwashe kwa mpangilio. Ukikosea, kitu kilitoka nyuma yako na nesi akaliwa. Ukutani kulikuwa na picha sita za wagonjwa waliofunikwa mashuka. Kwenye TV yetu mashuka yote sita yalikuwa ya kijivu, na taa zote sita za kijivu. Nililiwa mara nyingi hadi nikakata shauri: mlango ule haufunguki. Ndio mwisho. Waliotengeneza gemu wametaka mtu abaki pale na hofu yake. Hilo nalo nililihubiri.

Mwanafunzi wangu mkubwa alikuwa binamu yangu wa Newala, mtoto wa shangazi. Mtoto wa shangazi ni mtani, na kwetu hilo halina mjadala. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mkwe wako nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako akaenda nayo na huna pa kushitaki. Kukasirika ndilo kosa pekee.

Yeye alikuwa na mashine ya aina nyingine, aliyoletewa na shemeji yake mfanyabiashara wa Mtwara, na ndani yake gemu lilelile. Ila lake halikuwa kwenye CD. Lilikuwa limekamuliwa likaingizwa ndani ya kaseti ndogo ya plastiki. Tukaanza kulinganisha, kwanza ana kwa ana alipokuja Masasi sikukuu, kisha kwa barua tulizompa konda wa basi. Mimi nilikuwa na daftari la shule lenye mstari katikati, Masasi kushoto, Newala kulia, na simwambii mtu ni kurasa ngapi nilijaza.

Kwangu, ukifungua mlango, CD ilikwaruza kwanza na kioo kikawa cheusi muda wa kutosha kukohoa na kujuta. Kwake milango ilifunguka hapohapo. Niliandika kwamba hofu yake ni ya haraka kama chai ya stendi. Yeye akajibu kwamba hospitali yangu haina mizimu, ina foleni. Kwangu sauti ya nesi ilikuwa safi, unasikia hata anavyomeza mate. Kwake alisikika kama anazungumzia ndani ya mtungi, na zile sinema fupi za katikati zilikuwa na ukungu kama picha iliyofuliwa na shati. Lakini kwake damu ilikuwa nyekundu. Kwangu ilikuwa nyeusi.

Hapo ndipo nilipomvalia ualimu. Nilimwandikia ukurasa mzima kwamba rangi zake zimeongezwa na wafanyabiashara ili kuuza, kwamba gemu la asili ni langu, na kwamba mtu mwenye busara akilicheza lile la Newala afanye kama hazioni rangi. Na ule mlango wa taa sita asihangaike nao, haufunguki.

Akajibu mistari miwili: "Mwalimu, mlango ule hata mimi umenishinda. Njoo tuubomoe pamoja, mwizi wewe."

Sikwenda. Newala si mbali, ni kupanda tu uwandani, lakini mtu wa kiti hahesabu kilomita, anahesabu kona.

Kisha akaanza kukohoa. Alipelekwa Ndanda akalazwa, na huko nilikwenda mara moja kwa sababu barabara ya lami inapita mlangoni mwa uzembe wangu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaona viwiko vyake vimekuwa vikubwa kuliko mikono, nikaanza kuzungumza juu ya gemu bila kituo. Watu wa wodi nzima walijua habari za nesi na risasi zake. Sikumuuliza hata mara moja wamemwambia nini. Gari la kurudi lilipopiga honi nilishukuru, na shukrani ile nimeikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Walimruhusu arudi nyumbani Newala. Siku zile mtu akirudishwa nyumbani vile, majirani hawakuuliza ugonjwa. Walisema "kifua" na kutazama chini. Barua zikaendelea, ila mwandiko ulikuwa wa dada yake sasa. Maneno yalikuwa yake yeye. "Vidole vinatetemeka, siwezi kubonyeza tena. Njoo ubonyeze wewe, mimi nitakuwa nasema. Njoo kabla sijafa, kinyago wewe."

Mtani akikuandikia hivyo, unamjibu vivyo hivyo. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamwandikia: "Ukifa niachie mashine, na hiyo redio ya shangazi." Nilicheka peke yangu nilipokuwa naandika. Akajibu kwamba mashine ataniachia ila pedi ya kubonyezea atazikwa nayo, nije niifukue. Mwisho wa barua palikuwa na "njoo" tena. Nikamjibu kwa ukurasa na nusu kuhusu tofauti ya muziki wa korido ya juu.

Miezi mitano ilikwenda hivyo. Yeye alisema njoo, mimi nikasoma utani. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeniambia njoo nikadhani ananichekesha.

Aliyenitoa ni mama. Aliingia chumbani, akachomoa waya wa TV ukutani, akaweka begi juu ya kitanda changu. "Shangazi yako kaleta salamu mara tatu," alisema. "Mimi sina mwingine wa kumtuma. Nina wewe, ndiyo bahati yangu."

Nikaondoka na mashine yangu ndani ya begi, imefungwa kwenye taulo, ili nikamthibitishie. Hebu fikiri. Mtu anakwenda kumwona mgonjwa, amebeba ushahidi.

Shangazi alinipokea uani kati ya ndoo za maji, kwa sababu Newala maji ni kazi ya siku nzima. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Ingia, anakunywea uji kwa hasira, anasema atapona akugombeze." Ndani, kwenye mkeka, alikuwa amebaki macho na masikio. Kando ya ukuta alikaa jirani yao, mama wa makamo ambaye ukoo wake na wa shangazi ni watani, anasuka ukili. Nilikuja kujua kwamba alikuwa hapo kila siku tangu binamu alipoanza kukohoa.

"Mwizi kafika," binamu alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, fungia kuku."

"Kuku wenyewe wamekonda kama wewe," nikamjibu.

"Mimi sijakonda. Nimekamuliwa nikaingia kwenye kaseti."

Umeme ulipokuja saa kumi, nikaitoa mashine yangu, nikaigeuza chali, nikaiunga kwenye TV yao. TV yao ilitoka Dubai, ilielewa mifumo yote. Nesi akatokea. Kofia yake ilikuwa na msalaba mwekundu. Kuta za hospitali, zile nilizoziita jivu la mauti katika barua zisizopungua nne, zilikuwa za kijani cha mnazi mchanga. Maiti wa kwanza akaanguka na damu ikasambaa sakafuni, nyekundu, nyingi, bila aibu.

Kisha binamu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Yule jirani aliweka ukili chini, akamwinua kwa mgongo, akamshikia kikombe. Binamu alipopata pumzi alisema, "Wafanyabiashara hawa! Wamekufuata mpaka kwenye begi."

Tukazima yangu, tukawasha yake. Alikuwa na sehemu aliyoihifadhi pale pale kwenye korido ya chini, mbele ya taa sita. Nilishika pedi. Nilizitazama zile picha za ukutani, mashuka sita, jekundu, bluu, njano, kila moja na rangi yake, na juu ya mlango taa sita za rangi hizohizo. Mtoto wa darasa la pili angeuona mpangilio ule. Nikaziwasha moja baada ya moja. Mlango ukafunguka, hapohapo, bila kukwaruza.

Niliruka juu nikapiga kelele hadi shangazi akachungulia. Nilipogeuka kumwonyesha binamu, niliona hakuwa anatazama TV. Alikuwa ananitazama mimi. Tulicheza vyumba viwili zaidi, yeye akisema "kushoto", "usipige, mwache apite", mimi nikibonyeza, halafu akalala mdomo wazi nami nikapunguza sauti.

Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nilisema nina shughuli Masasi. Sikuwa na shughuli. Nilishindwa tu kuendelea kumwona akilishwa. Aliniambia, "Nenda, kiti kinakulilia," nami nikasema nitarudi mwezi ukiandama.

Alikufa kabla ya mwezi kuandama, wakati wa kupuliza salfa, mikorosho yote njiani imepakwa vumbi la njano. Tulimzika baada ya swala ya alasiri. Tuliporudi kutoka kaburini na kukaa uani, yule jirani akatokea amevaa sweta la marehemu. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu. Akaketi katikati ya watu, akashika kipande cha tofali kwa mikono miwili, akaanza kukibonyeza kwa vidole gumba huku mabega yakitetemeka vilevile kama yake, akikohoa vilevile. "Mwalimu wa Masasi kasema rangi si kitu!" akalia kwa sauti ya binamu hasa. "Nimeliwa tena, mama! Mwalimu kasema mlango haufunguki!" Watu walicheka huku wanalia. Shangazi mwenyewe alicheka, kanga mdomoni. Mimi nilicheka kwa sababu kukasirika ndilo kosa pekee, lakini kila neno lilinipata.

Jioni watu walipopungua yule jirani alikuja, sweta amekwisha kulivua, akaketi kwenye mkeka karibu yangu. Nikaona nimwambie yeye, maana sikuwa na mwingine. Nilimwambia kwamba kwa ujinga wangu nilimdanganya binamu kuhusu rangi, kwamba aliniamini kwa kuwa nimesoma, na siku zake za mwisho za vidole vyenye nguvu nikamfanya azimalize mbele ya mlango ambao ungefunguka kwa kutazama tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunishika bega.

"Acha kujipa ukubwa," alisema. "Mlango ule alishaufungua kabla hata hajapelekwa Ndanda, akalimaliza gemu lote, mimi nimekaa palepale nasuka. Halafu akaanza upya, akafika mlangoni, akasimama anakungoja. Wewe ukawa unaandika barua."