Nilivyowafundisha Watoto Kuwaheshimu Wazee

Sijui niwaambieni kwa uso gani. Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwalimu wa dini Isansa, nikiwafundisha watoto wa Kinyiha sheria za Musa kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Siku moja tukafika kwenye amri ya kumwondokea mwenye mvi. Nikaeleza kwa madaha: ukimwona mzee anakuja, ondoka upesi, umwachie nafasi apumzike. Hiyo ndiyo heshima.

Watoto wakashika. Kila nilipowaona wakitawanyika mbele ya wazee, kichwa kilinivimba. Hata Bibi Nasibu, aliyekuwa akilea wajukuu wanne, aliponiuliza mbona siku hizi anakula peke yake, nilimjibu, "Shukuru, mama. Wanakuheshimu."

Mwezi uliofuata akaja mchungaji mgeni, mzaliwa wa Tanga, kuwasikiliza watoto mbele ya wazazi wao. Alipovua kofia tu, mvi zikaonekana, na darasa zima likatoka mbio.

"Wanatimiza amri ya kumwondokea mwenye mvi," nikamwambia, nikitabasamu.

Mchungaji alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, kumwondokea mtu ni kusimama anapoingia, umkaribishe. Nani alikwambia ni kumkimbia?"

Bibi Nasibu akainuka taratibu kutoka kwenye mkeka.

"Kumbe ni hilo tu, mwalimu?" akasema. "Mimi nimeshafunga mzigo nirudi kwetu Ileje. Nilidhani wajukuu zangu wameambiwa mimi ni mchawi."