Kaburi Lililongoja Ndege

Alhamisi, tarehe tisa. Manyunyu tangu alfajiri, vilima vya Osukuru havionekani.

Mama alifariki juzi, mwili umelazwa sebuleni. Dada yangu, anayefanya kazi za nyumbani Dubai, alipiga simu jana usiku: amepata tiketi, anaondoka alfajiri, tusimzike Mama kabla hajamwona uso. Halafu simu ikazimika.

Kwetu kaburi halilali wazi. Likichimbwa leo, linafukiwa leo. Kwa hiyo baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, aliniita asubuhi mbele ya wachimbaji.

"Wewe mwenye simu kubwa, tupigie hesabu. Anafika saa ngapi?"

Mimi niliishia darasa la saba. Niliandika Dubai, nikaandika Entebbe. Simu ikachora mstari: kilomita elfu tatu na ushee, saa tano na nusu hewani. Kwao saa imetangulia yetu kwa moja, nikaitoa. Nikajumlisha foleni ya pasipoti, na barabara ya Jinja mpaka hapa. Nikasema saa kumi jioni, lakini sina hakika, mstari umenyooka mno.

"Kaka," akasema mtoto wa shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa wachimbaji na hajui kunyamaza hata matangani, "ndege ikichelewa utalala humo kaburini wewe."

Watu walicheka. Nadhani na mimi nilicheka.

Walianza kuchimba saa tano. Niseme haki, baba mkubwa hakuwa na haraka ya ubaya. Ni mzee, wageni wanakula tangu juzi, na mvua inaongezeka.

Saa saba dada akapiga simu kutoka Addis Ababa. Ndege yake imepitia huko, anangoja nyingine, atatua Entebbe usiku. Nilimpelekea baba mkubwa habari hiyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Akaenda kwa wachimbaji, nikamfuata. Nilijua Mama anazikwa leo.

Mtoto wa shangazi alikuwa amesimama ndani. Shimo lilimfika magotini.

"Tangu saa tano ni hili tu?" baba mkubwa akauliza.

"Udongo mgumu, mjomba."

"Na mvua yote hii?"

Wachimbaji wakaangalia majembe yao.

"Sasa hili ni kaburi?"

"Bado, mjomba. Hapa ukitaka unapanda mgomba."

Baba mkubwa alilitazama sana lile shimo. "Shimo la mgomba linaweza kulala wazi," akasema. "Tokeni mvuani. Tutamalizia kesho, akishafika."

Sijui kama walichimba polepole makusudi kwa kuwa nilisema sina hakika, au ni uvivu tu. Sijauliza. Kulia pia sijalia. Nimeufungua ule mstari tena na tena, Addis haimo.

Jioni tumekula ugali wa mtama na maharage. Sahani ya dada imefunikwa, iko juu ya kabati.