Risasi Namba Mbili za Baba

Baba yangu alikuwa na bunduki ya upepo aliyopewa na meneja wa shamba la mkonge karibu na Lindi, siku meneja huyo alipofunga mizigo kurudi kwao. Baba alikuwa mtunza stoo pale. Ilikuwa bunduki ya Kiingereza, nzito: unaukunja mtutu, unatia risasi moja ndogo ya umbo la kikombe, unaurudisha, unafyatua. Alipostaafu alirudi nayo kijijini kwetu Pande, na huko ilikuwa na kazi moja tu, kuwafukuza kunguru waliokuwa wakichukua vifaranga vya mama.

Risasi zake zilikuwa zikija ndani ya kopo la bati lililoandikwa namba mbili. Kopo la mwisho lilikwisha miaka ile ambayo madukani hata sabuni hakuna, kwa hiyo baba alinyamaza. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, na habari zikafika Pande kwamba Lindi sasa kuna kila kitu, alishindwa kunyamaza. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale mjini. Akaniletea barua: nikija likizo nije na risasi namba mbili, nisikubali nyingine.

Nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja. Maduka yalikuwa yamejaa redio kaseti, vitenge, chupa za chai zenye maua, baiskeli mpya zikiwa bado na makaratasi yake. Risasi hakuna. Mwenye duka wa kwanza aliniambia ana ndoana. Wa pili alisema anazo, ila nilete kibali cha bunduki, na kibali kilikuwa ndani ya sanduku la baba. Likizo ile nilifika mikono mitupu. Baba aliitikia shikamoo yangu huku mkono wake ukipapasa mfuko niliouweka chini.

Muhula uliofuata nilirudi kwa yule wa pili, kibali mkononi. Akanitolea kopo jipya lililoandikwa tano nukta tano. Nikamuuliza namba mbili iko wapi.

"Mwalimu, siku hizi hakuna namba mbili," alisema. "Namba mbili ndiyo hiyo hiyo."

Nilimwamini, nikanunua. Kule Pande, baba aliketi kwenye kigoda barazani, akatia risasi moja, na sote tukaona uso wake ukibadilika. Iliteleza ndani bila kushika. Alipofyatua, bunduki ilitoa mlio kama mtu anayekohoa, na risasi ikaangukia pale pale chini ya mpapai. Kuku wawili waliikimbilia wakidhani ni mahindi. Mama aliwahi kuwafukuza, maana hakutaka wameze risasi. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kopo nilisoma mwenyewe au nilisomewa, na swali hilo liliniuma kuliko kugombezwa, mimi niliyekuwa nikifundisha watoto wa watu kusoma.

Nikaanza kutafuta kwa hasira. Mwalimu mwenzangu aliniambia kule Mtama kuna mzee ana duka la vitu vya zamani. Jumamosi nikaenda. Mzee aliposikia nilichotaka aliingia ndani moja kwa moja, akatoka na kopo lenyewe, namba mbili, rangi haijachujuka. Nilipofungua nilikuta misumari ya viatu. Alikuwa akilitumia kopo kwa misumari tangu risasi zake zilipokwisha, na kwa unyofu kabisa aliniuliza kama ningependa kununua kopo. Nilirudi Lindi nimechoka, nguo nyekundu kwa vumbi.

Aliyenisaidia hatimaye alikuwa fundi wa karakana moja ya magari pale mjini. Baba alikuwa amechokonoa nyufa za sanduku lake na kupata risasi moja ya zamani, akanipa niwe nayo kama mfano. Fundi aliibana kwenye kalipa yake ya kupimia unene, akabana na ile mpya. Ya zamani ilikuwa tano nukta sita.

"Zimepishana sehemu moja ya kumi ya milimita," alisema. "Bunduki yenu ni ya kale. Upepo wote unapita pembeni."

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimezunguka kwa kitu kisichofika unene wa kucha. Nilitamani kucheka nikashindwa. Fundi akatoboa kipande cha chuma, akanipa gololi ya beringi, akanionyesha: simamisha risasi kwenye tundu, weka gololi juu ya upande wake ulio wazi, gonga kidogo kwa nyundo. Ukingo unatanuka, unashika mtutu.

Ilifanya kazi. Bunduki ililia mlio wake wa zamani, mkali na mfupi, na baba akatabasamu. Lakini kunguru alipotua kwenye paa la jiko, baba alimkosa. Akamkosa na wa pili. Akasema nimegonga sana. Siku ya pili akasema sikugonga vya kutosha. Likizo nzima nilikaa barazani nikigonga risasi moja moja, vidole vyeusi, mkono unauma, na kila nilichogonga kilikuwa na kasoro. Vifaranga viliendelea kuchukuliwa.

Mama alinivuta jikoni. "Baba yako jana kamimina chai nje ya kikombe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hujaona?"

Sikuwa nimeona. Macho yangu yalikuwa kwenye risasi.

Jioni ile ile baba alinisukumia bunduki. "Piga wewe, uone zilivyo mbovu." Nilikuwa sijawahi kupiga. Mama aliweka kifuu juu ya nguzo ya uzio, nikalenga, nikafyatua, kifuu kikaruka. Baba alikuwa ameelekeza uso pale pale kwenye nguzo.

"Imepata?" aliuliza.

"Imepata, baba."

Akaichukua bunduki, akaifuta taratibu kwa kanga ya mama. Nilipomtajia hospitali ya macho alinijibu kwamba Dar es Salaam ndiko zitakakokuwa risasi za kweli, nimtafute mtu wa kumwagiza. Nilimbishia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, naye akainuka akaenda kuswali.

Alinisumbua hivyo miaka miwili mingine, na mimi, kwa kukosa ujasiri wa kumlazimisha, niliendelea kumpelekea makopo na kumgongea. Mama ndiye aliyewashinda kunguru: alifunika vifaranga kwa tenga. Hospitali baba alikubali alipojikwaa kwenye ngazi ya msikiti mbele ya watu. Jicho moja lilipona. La pili, daktari alisema, limecheleweshwa, na maneno hayo niliyachukua kama hukumu yangu.

Siku aliyorudi alikaa barazani bila bunduki, akiangalia kunguru kwenye paa la jiko na minazi ya jirani, akihesabu kwa midomo.

"Kumbe ni wengi hivi," alisema.