Leo Sijanywa

Fundi wangu aliniondoa kwenye msumeno wa umeme asubuhi moja, baada ya mimi kukata ubao wa mteja ukatoka mfupi kwa shubiri nzima, huku mdomo wangu unanuka pombe ya mnazi. Hakunipigia kelele. Alinipa msasa, akanionyesha pembe ya karakana.

"Hivyo vidole mamako ataniuliza mimi," alisema. "Siku utakayoniangalia usoni ukaniambia nimeacha, utarudi kwenye mashine."

Karakana yetu iko Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho tuktuk ikiingia watu hujibanza ukutani. Twatengeneza makabati na vitanda. Ndoto yangu mimi ni kuwa na karakana yangu mwenyewe, na kibao cha samawati mlangoni. Maandishi nshayachagua, ya manjano, ila sijaamua kama nitachora nyundo au randa. Lakini seremala asiyekata mbao ni seremala gani? Nilipiga msasa miezi miwili, na kila jioni nikapitia mnazini kama kawaida.

Aliyenielekeza kwenye mkutano ni dada wa zahanati, siku aliyonifunga kidonda mkononi. Alinusa pumzi yangu. Alisema tu kwamba kuna watu hukutana kila Jumanne saa kumi na moja jioni, ghorofani, nyuma ya soko la Marikiti, wakasaidiana kuachana na pombe. Jumanne iliyofuata nikaenda. Nilizunguka mara tatu, mlango siujui. Mwisho nikamuuliza hamali aliyekuwa amejilaza juu ya mkokoteni wake.

"Samahani kaka, mkutano wa walevi uko wapi?"

"Walevi wa mkutano siwajui," akajibu kwa sauti ya kusikika soko zima. "Wa kulala mtaroni nawajua wote. Wamtaka yupi?"

Mama aliyekuwa akiuza ndimu kando yake akamrushia moja mbovu. "Mwache mtoto wa watu, wewe! Mwanangu, panda ngazi ile. Ukisikia vicheko na chai yanukia, ndio hao."

Juu nilikuta watu wanane na birika. Aliyeongoza alikuwa mzee wa bara aliyestaafu kazi ya reli. Kila mtu alisema kidogo, na zamu yangu ilipofika nikasimama kwa bashasha.

"Mimi nimeacha pombe!"

"Hongera. Tangu lini?" akauliza mama mmoja afanyaye kazi ofisi za bandari.

"Juzi."

Wakacheka hadi mzee akafuta macho, nami nikacheka nao, maana hakikuwa kicheko kibaya.

"Hapa hatusemi nimeacha," mzee akaniambia. "Twasema, leo sijanywa. Mimi ni mwaka wa sita huu, na leo sijanywa."

Wote wakaitikia pamoja: "Nasi hatujanywa."

Sikulipenda neno lile. Shule sikufika mbali, lakini Kiswahili nakijua. Mtu akikwambia sijala, mtafutie sahani. Wakati wa chai nikamwambia yule mama wa bandari kwamba kusema sijanywa ni kama kuagiza.

"Mimi niliacha mara nne," akanijibu, akinimiminia. "Kila nikiacha, naona sina haja ya kuja huku tena. Sasa naja."

Nikawa naenda. Jumanne ya sita nilipanda ngazi miguu mizito. "Nimekunywa," nikasema. "Jumamosi, kwenye matanga ya mjomba. Nililia sana, sijui nilimlilia yeye au nilijililia mimi." Hakuna aliyenikemea. Mzee aliuliza, "Na leo?" Nikasema leo sijanywa. Wakaitikia vilevile, hata sauti haikupungua.

Wiki tatu baadaye karakana ilipata kazi ya makabati ya nyumba nzima, na fundi akahitaji mtu wa pili kwenye msumeno. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Haya. Niambie."

Neno lilikuwa pale mdomoni, moja tu, na mashine ningeipata palepale. Nikatazama uso wake.

"Leo sijanywa, fundi."

"Hujanywa!" Mwenzangu wa kupaka vanishi akaangua kicheko. Fundi hakucheka. "Kwani wangojea saa ngapi?"

Nikamweleza yote, Jumanne na chai na kuitikia. Nikamweleza na matanga, ingawa hakuniuliza. Nikasema nikimwambia nimeacha nitakuwa namdanganya, na siku nikinywa itabidi nidanganye tena, na mkono uko kwenye msumeno.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza, akavaa kofia akaenda kuswali. Nikaendelea na msasa wangu, roho chini, nikijiambia nimeitupa kazi kwa sababu ya neno moja.

Aliporudi alikuja karibu, akanusa pumzi yangu bila haya, kama mtu anayenusa papai sokoni.

"Leo hujanywa?"

"Sijanywa."

"Basi ni leo tu. Kata hizi mbili. Kesho nitakuuliza tena, na kesho kutwa nitakuuliza."

Nilikata polepole. Yeye alisimama nyuma yangu, hakwenda popote. Ubao wa kwanza ulipinda kidogo, wa pili ukatoka umenyooka. Akaupima kwa futi, akaupima tena upande wa pili. Kisha akaniwekea wa tatu.