Kuchanjiana Udugu na Damu Yangu

Lupasi ni ugonjwa wa kinga kumgeukia mwenye mwili. Ya kwangu imekataa vidonge, imekataa sindano, na sasa inatafuna figo. Kata yetu nzima ya Kaisho, hata hivyo, inaamini nimepungukiwa kinga. Kila anayekuja kunijulia hali ananiletea kitu cha kuiongeza, wakati ninayo ya kugawia tarafa.

Mwezi uliopita daktari aliniambia nje ya nchi kuna tiba ya majaribio. Wanatoa chembe za kinga kwenye damu yako, wanazibadilisha maabara, kisha wanazirudisha zikawaangamize wenzao walioasi. Alituma faili langu. Watanipokea iwapo figo zitavumilia, kwa hiyo nisiguse mitishamba yoyote.

Nilimweleza mama tukimenya ndizi. Mama ni Mlutheri wa benchi la mbele.

"Damu ya nani hiyo wanayokurudishia?"

"Yangu mwenyewe, mama."

Akaweka kisu chini, akamaka kwa kilugha: "Mawe! Kumbe unachanjiana udugu na mwili wako!"

Zamani huku kwetu watu wawili walijichanja tumboni, wakapaka damu punje mbili za buni moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Baada ya hapo hakuna kudhuriana. Kanisa limelaani jambo hilo na mama amelaani pamoja nalo, kwa sauti. Lakini tiba iliyomchukua daktari nusu saa kunieleza, yeye aliielewa kabla ndizi haijaisha kumenywa. Niliona wivu.

Kisha akainamisha kichwa. "Mwanangu, nimekuwa nakutilia mubirizi kwenye uji. Wiki ya tatu sasa. Nilitaka upate kinga."

Yale majani machungu! Nami nilidhani vidonge vimeniharibu ulimi. Nilimfokea mama yangu mzazi kama mbuzi aliyeingia shambani. Nikamwambia ananiua, nikamwambia naogopa kufa, nikalia juu ya maganda.

Mama alitoka, akarudi na buni moja nyekundu, akaipasua kwa kisu kilekile cha ndizi. Punje moja akanitia kiganjani, nyingine akaitia mdomoni mwake.

"Mchungaji akijua?" nikamuuliza.

"Hii ni kahawa, si dawa. Meza."

"Na damu iko wapi?" Bado nilikuwa na hasira.

"Yangu niliitoa siku nilipokuzaa."

Nikameza.