Waliniita Bibi ya Jini kwa Sababu ya Kitabu

Admin, nifichie jina. Mamangu hayuko huku mtandaoni, lakini wamama wa kanisa lake wako, na midomo yao naijua.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, fundi wa nguo huku Riruta Satellite. Nina msichana mmoja tu, yuko kidato cha pili. Mamangu tunaishi naye tangu miguu ikatae kumbeba. Naandika nikiwa na hasira, nikiropoka mnivumilie.

Nililelewa Kibera, Kisumu Ndogo, miaka ya tisini. Nikiwa kidato cha pili pia, rafiki yangu Mnubi, Mwislamu wa hapo Kibera, nimwite Zaina, alipata kitabu cha Kiingereza kwa mitumba, kimenyofoka jalada. Kilikuwa cha mapenzi. Kuna mfalme wa watu fulani wa msituni, warembo ajabu, wana mabawa, hawazeeki. Huyo mfalme na enzi yake yote anakufa na kuoza kwa msichana wa kawaida, mtoto wa maskini kama sisi. Tulikisoma kwa zamu hadi kurasa zikalegea.

Watu hudhani wasichana hufuata mabusu kwa hivyo vitabu. Mimi kilichonimaliza ni mlango. Yule msichana alikuwa na chumba chake, na mfalme mzima alisimama nje, akabisha, akamuuliza, "Unataka nini?" Sisi tulilala sita kwa chumba kimoja, pazia katikati. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nasikia chota maji, beba mtoto, funika sufuria. Kuulizwa nataka nini? Na nani? Halafu hao watu wa kitabu hawawezi kusema uongo, ulimi wao unakataa kabisa. Hiyo ilinipendeza sana.

Jioni tukiosha vyombo nilimsimulia mdogo wangu ile hadithi, na ili inoge nikajiweka mimi ndani. Mfalme amekuja kwangu, ameniambia hivi, ameniahidi vile. Kumbe mama yuko upande wa pili wa mabati, anasikiza.

Akaniita pole pole. "Huyo mwanamume huja saa ngapi?"

Nikacheka. "Mama, ni hadithi tu."

"Niambie ukweli, mwanangu. Haki ya Mungu sitakupiga, na yatabaki kati yangu na wewe."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuongea na mtoto kwa upole hivyo. Nikajiachilia. Nikamweleza vile ni mrembo, vile wengine hawamwoni, vile ukila chakula chake huwezi kurudi kwenu. Nikamwambia hata huwa namwota. Woi! Kila nikitaja kitu, yeye alikuwa anahesabu dalili.

Jumapili nikaitwa mbele. Mama mwenyewe akashika maikrofoni, akatangazia kanisa zima ati binti yake ameolewa na jini. Nilikuwa nimefungishwa tangu Ijumaa, sijaonja hata uji, kwa hivyo waliponiwekea mikono nikaanguka kwa njaa. Wakashangilia, ati limetoka. Kitabu kilimwagiwa mafuta ya taa kikachomwa pale nje.

Mama Zaina alikuja kwetu akamwambia mamangu peupe, "Sisi majini tunayajua. Huyu mtoto anasoma tu, mwacheni." Mama akamjibu, "Si nyinyi ndio mmemletea!" Urafiki wangu na Zaina ukaishia hapo mlangoni.

Kwa foleni ya maji nikawa kichekesho. "Niaje bibi ya jini, mzee ameamkaje?" Vijana wanapiga mluzi, wamama wanavuta watoto wao kando. Mama akaona aibu imezidi. Akanitoa shule, maana shule ndiyo ilinifunza hicho Kiingereza, akanipeleka Kawangware kwa shangazi nilee watoto wake. Shule sikurudi tena. Nilitaka kuwa mwalimu. Leo napima watu viuno.

Sasa msichana wangu anasoma hadithi zilezile. Yeye na wenzake wanabadilishana vitabu vinene kama matofali, wanalia, wanagombana juu ya wanaume wenye mabawa. Mimi namwacha. Tena akienda shule mimi huvichukua nikavisoma kwa cherehani, wateja wakingoja. Chumba chake nilimwekea mlango unaofungwa kwa ndani.

Wiki iliyopita shosho yake, yaani mamangu, alimsikia akimwambia rafiki yake kwa simu, "Huyo ni bwana yangu, wewe tafuta wako." Basi! Mama akaniita. "Imerudi. Imefuata damu." Ameshaita wamama wa kanisa, wanakuja hapa kwangu Jumamosi. Na anataka mimi nisimame nishuhudie vile nilipona, ndio mtoto akubali kuombewa.

Nikamwambia, "Mama, mimi sikuwahi kuwa na jini." Akanishika mkono. "Nimekosea mengi, lakini wewe nilikuokoa. Hiyo nitaenda nayo mbele ya Mungu." Moyo wake ni mgonjwa, daktari ametuonya tusimshtue. Nimengoja msamaha wake miaka yote hii, kumbe yeye anangoja shukrani.

Jana tukipika, msichana akaniuliza, "Mum, kweli ulikuwa na jini?"

"Sikuwa."

"Basi utawaambia hivyo Jumamosi?"

Nikamwambia atulie, haki ya Mungu nitasema ukweli. Nikajisikia nikiongea. Sauti ilikuwa ya mama siku ile, na upole wake wote. Mtoto akaniamini, akaniletea kitabu chake nimfichie. Kiko hapa chini ya cherehani.

Nikisema ukweli, naweza kumzika mama. Nikinyamaza, mtoto wangu atawekewa mikono hapa sebuleni nikitazama. Msiniambie niombe, nimeombewa ya kutosha. Nishaurini kabla Jumamosi wabishe mlango: nimvunje mama, au nimvunje mtoto?