Jiko Lisilo na Makaa

Tangu mtambo wa biogesi uanze kufanya kazi hapa kwangu Kiriba, jirani yangu haji tena. Nimebaki na ng'ombe wawili wa maziwa na bomba la gesi.

Mtambo alinijengea mwanangu anayefanya biashara Musoma mjini. Bwana mifugo alimweleza kwamba lile lundo la mavi nyuma ya zizi, likikaa tu linaoza na kutoa methani, gesi inayozidisha joto duniani. Heri inaswe shimoni, ichomwe jikoni. Sibishi. Kila asubuhi nakoroga mavi na maji, namimina shimoni, na moto unawaka wa bluu, hauna moshi wala majivu. Macho yangu yamepona. Mvua zenyewe siku hizi hazieleweki, kwa hiyo kama kuna joto nimelipunguza, haya, asante.

Lakini makaa hakuna! Na jirani, mjane kama mimi, alikuwaga anakuja kila asubuhi na kigae chake kuomba makaa ya kuwashia moto kwake. Atakaa kwenye kigoda, atawasema mawifi zake, atacheka mpaka ashike mbavu, makaa yanazima kigaeni, namwongezea mengine. Mimi nina maneno makali, watu wengi wananikwepa. Yeye alikuwa ananijibu vilevile.

Siku ya kwanza ya jiko jipya alikuja, akachungulia. "Mwenzangu, moto uko wapi?" Nikamwonyesha. "Huo sasa nitaubebaje?" Nikamwambia alete sufuria yake apikie hapahapa. Akaguna. "Maharage ya mavi? Kula wewe." Tukacheka wote. Hakurudi.

Nilinuna. Nikasema, kumbe alikuwa anafuata makaa tu! Basi, nami sina shida na mtu. Uongo mtupu. Nilikuwa nakula ugali na dagaa huku nimetega sikio njiani, kama ni miguu yake.

Wiki iliyopita nikasikia anahamia Bunda kwa binti yake. Nikameza hasira, nikaenda kumsaidia kufunga vyombo. Juu ya kabati lake kulikuwa na viberiti, paketi nzima, na nyingine imefunguliwa, vimejaa vumbi.

"We mama," nikasema, "una viberiti vyote hivi, makaa yangu yalikuwa ya nini?"

Hakuacha kukunja kanga. "Ulitaka nije kila siku nikwambie nimekuja kukaa tu? Na huo mdomo wako? Ungeniuliza kama sina kazi."

Ningemuuliza, kweli. Nilitaka kumwambia abaki. Nikamfungia sufuria zake kwenye mfuko.

Bodaboda ilikuja kesho yake asubuhi kumchukua, nikamsindikiza. Nikarudi, nikakoroga mavi, maana ng'ombe hawajui mtu kaondoka. Nikawasha jiko. Chai ikachemka upesi mno, nikainywa peke yangu.